Hifadhidata ya wingu imegoma: pa kuanzia ukiwa na PostgreSQL kwenye Amazon RDS

Anayekodi hifadhidata inayoendeshwa na mtoa huduma, kama Amazon RDS, hupumzika na mambo fulani tu. Mashine si yake, diski ikifa si msiba wake, na nakala rudufu za kila siku zinapigwa yeye amelala. Lakini mlango wa kuingilia, idadi ya miunganisho, maswali ya SQL, nafasi ya diski na bili vimebaki mikononi mwake. Simu nyingi ninazopigiwa zinatoka upande huo: "Kaka, Amazon wamekufa." Nikiangalia, Amazon wako salama, ni sisi tuliojifungia nje.

Naandika nikiwa na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwenye RDS mbele yangu kwa sababu ndiyo ninayoshika kila siku. Ukiwa na Google Cloud SQL au Azure, majina ya vitufe yatabadilika ila magonjwa ni yaleyale. Namlenga yule mtu mmoja ofisini ambaye ameandika mfumo, anautunza, na hana mtaalamu wa hifadhidata pembeni.

Kabla hujagusa chochote, nakili ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, herufi kwa herufi. "Imegoma" haimsaidii mtu, mstari mmoja wa kosa unaweza kukuokolea saa nzima. Andika pia saa tatizo lilipoanza, na jiulize nini kimebadilika siku hiyo: toleo jipya la programu, nenosiri, laini ya intaneti, mtu mpya kwenye timu. Na tafadhali usikimbilie kitufe cha kuwasha upya. Ukiwasha upya, miunganisho yote inakatika na ushahidi wa nani alikuwa anafanya nini unapotea nayo. Mara nyingi mfumo utarudi kwa dakika ishirini, kisha utaanguka tena, na wewe hujajua chochote zaidi ya ulivyojua mwanzo.

## Haiunganishi kabisa

Hapa ujumbe wa kosa ndio unaokuonyesha njia, kwa hiyo usome kwanza.

Inasubiri muda mrefu, halafu inasema "Connection timed out". Maana yake ombi lako halikufika au halikujibiwa. Chanzo ninachokutana nacho kuliko vyote ni anwani ya IP iliyobadilika. Uliruhusu IP ya ofisi kwenye kikundi cha usalama (security group, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuingia), leo uko nyumbani umeunganisha laptopu kwa simu, au kampuni ya intaneti imekupa anwani nyingine baada ya umeme kukatika na ruta kuwaka upya. Angalia anwani yako ya sasa kwa amri ya kwanza, na kwa ya pili ujaribu kama hifadhidata inafikika:

```
curl https://checkip.amazonaws.com
nc -vz anwani-ya-hifadhidata-yako 5432
```

Linganisha na iliyoandikwa kwenye kanuni za kuingia za kikundi cha usalama, poti 5432, ambayo ndiyo mlango wa PostgreSQL. Zikitofautiana, badilisha ya zamani uweke ya sasa, na uifute ile ya zamani usiiache ikining'inia.

Hapa ndipo watu wengi wanapochoka na kuandika 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima iruhusiwe. Usifanye hivyo hata kwa "dakika tano tu". Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga poti 5432 na kujaribu majina ya watumiaji kama postgres na admin. Ukikuta kanuni hiyo tayari ipo na imekaa muda mrefu, ruka hadi sehemu ya wageni wasiojulikana huko chini kabla ya kuendelea.

Kama IP iko sawa, angalia mpangilio wa "Publicly accessible". Ukiwa "No", hifadhidata haifikiki kutoka nje ya mtandao wa ndani wa Amazon, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa mfumo wa biashara. Usiibadilishe ili tu uingie na laptopu. Pita kwenye seva ndogo iliyo ndani ya mtandao huo, kwa SSH au kwa Session Manager, njia za kuingia kwenye seva ukiwa mbali.

Tatu, huenda mashine imezimwa. Angalia hali yake kwenye konsoli (ukurasa wa usimamizi wa Amazon), inatakiwa isome "Available". Hakikisha pia umefungua kanda (region) sahihi. Nimeona mtu amepaniki kwamba hifadhidata yake imefutwa, kumbe konsoli ilikuwa Ireland na mashine iko Cape Town.

Nne, na hii ni nadra, intaneti yenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania, Kenya na Uganda zikabaki zinatambaa. Siku kama hiyo ukiona kila kitu cha nje kinasuasua, usibadilishe mpangilio wowote. Ukiubadilisha, nyaya zikirudi utakuwa na tatizo lako jipya.

"Connection refused" inayokuja papo hapo. Soma anwani iliyo ndani ya ujumbe. Ikiwa ni 127.0.0.1, programu yako haikusoma mipangilio yake na inajitafuta yenyewe kwenye mashine yake. Faili la mipangilio halikupakiwa, au jina la kigezo limekosewa. Hifadhidata haina habari na ninyi. Kama anwani ni sahihi, angalia namba ya poti, maana aliyezoea MySQL huandika 3306 bila kufikiri.

"password authentication failed". Mlango umefunguka, ufunguo ndio umekataa. Kabla ya kubadilisha nenosiri, tazama kama lina alama kama @, # au / na limewekwa ndani ya anwani ndefu ya muunganisho inayoanza na postgresql://. Alama hizo huivunja anwani katikati. @ inatakiwa iandikwe %40, # iwe %23, / iwe %2F. Kisha tazama kama kuna nafasi tupu mwishoni, ile inayokuja na kunakili kutoka WhatsApp. Ukishindwa kabisa, nenosiri la mtumiaji mkuu linabadilishwa kwenye konsoli, lakini jua kwamba kila programu inayotumia nenosiri la zamani itakatika. Orodhesha programu hizo kwanza.

"no pg_hba.conf entry … no encryption". Ujumbe huu unatisha bure. Kuanzia PostgreSQL 15, RDS inalazimisha muunganisho uliosimbwa bila wewe kuomba. Ongeza sslmode=require kwenye muunganisho, na ikiwezekana verify-full pamoja na faili la vyeti la Amazon. Ukiwa na mfumo wa zamani ulioacha kuunganisha ghafla huku ukilalamikia cheti, kumbuka kwamba cheti cha rds-ca-2019 kiliisha muda wake Agosti 2024. Pakua faili jipya la vyeti uliweke kwenye programu. Mtandaoni utakutana na ushauri wa kuandika rejectUnauthorized: false ili kosa liondoke. Kosa linaondoka kweli, ila programu inaacha kuthibitisha inaongea na nani, na data ya wateja wako inapita hapo.

## "remaining connection slots are reserved" au "too many clients already"

Huu ndio ugonjwa wa mifumo midogo inayoanza kukua. RDS hupanga kikomo cha miunganisho kwa kugawa kumbukumbu ya mashine, kwa baiti, kwa 9,531,392. Mashine yenye GB 1 kama db.t3.micro ingepata takribani 112 kwenye karatasi, na kwa kweli hupata pungufu kwa sababu mfumo endeshi nao unakula sehemu yake. Kisha michache inahifadhiwa kwa ajili ya wasimamizi.

Sasa tazama hesabu hii, niliyoifanya na mwenye duka la jumla tukiwa tumekaa na kikombe cha chai na skrini imejaa nyekundu. Programu yake ilikuwa inaendeshwa kwa michakato minne. Kila mchakato ulikuwa na akiba yake (connection pool) ya miunganisho 20 iliyoachwa wazi muda wote. Hiyo ni 80, inatosha. Lakini kila anapopandisha toleo jipya, la zamani halizimwi mpaka jipya limesimama, kwa hiyo kwa dakika mbili hivi anahitaji 160. Mfumo ulikuwa unaanguka Ijumaa jioni kwa sababu Ijumaa jioni ndipo alipokuwa anapandisha mabadiliko. Wiki tatu nzima alikuwa anawalaumu wateja wa mwisho wa wiki.

Anza kwa kuangalia nani ameshika nini:

```
SELECT state, usename, application_name, count(*)
FROM pg_stat_activity
GROUP BY 1, 2, 3
ORDER BY 4 DESC;
```

Ukiona "idle" nyingi za mtumiaji mmoja, akiba ya miunganisho ni kubwa kuliko mahitaji. Ishushe. Mfumo wa duka hauhitaji 20 kwa kila mchakato, mara nyingi mitano inatosha na kubaki. Zidisha idadi ya michakato mara akiba, kisha mara mbili kwa ajili ya kupandisha toleo, na hakikisha jibu liko chini ya kikomo.

Ukiona "idle in transaction", hilo ni jambo zito zaidi. Programu imefungua muamala (transaction, kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kukataliwa kwa pamoja), haijaufunga, imekwenda kufanya kitu kingine. Kwa kawaida ni msimbo unaofungua muamala, halafu unapiga API ya malipo na kusubiri jibu muamala ukiwa wazi. Mtoa huduma wa malipo akichelewa sekunde thelathini, kila mteja anashika muunganisho sekunde thelathini. Andika kwanza kwamba malipo yanasubiriwa, funga muamala, ndipo upige API. Jibu likija, fungua muamala mwingine mfupi. Kuwatafuta waliokwama:

```
SELECT pid, now() - xact_start AS muda, left(query, 80)
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'idle in transaction'
ORDER BY xact_start;
```

Kwa haraka ya siku hiyo unaweza kumkata mmoja kwa pg_terminate_backend(pid), ukiwa umesoma ni kazi gani unayoikata. Kwa muda mrefu, weka idle_in_transaction_session_timeout iwe dakika moja au mbili kwa mtumiaji wa programu.

Chanzo cha tatu ni kazi za Lambda, vipande vya programu ambavyo Amazon huviamsha vinapohitajika, ambapo kila nakala inayoamka hufungua muunganisho wake. Hapo weka RDS Proxy au PgBouncer katikati, ili wote wagawane miunganisho michache.

Kitu ambacho sikushauri kuanza nacho ni kupandisha max_connections, yaani kikomo chenyewe. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili unaokula kumbukumbu. Ukiuongeza kwenye mashine ya GB 1, utaliondoa kosa hili upate lingine baya zaidi, mashine kuishiwa kumbukumbu na kujiwasha upya mchana.

## Inafanya kazi, lakini polepole

Swali la kwanza: imekuwa polepole tangu mwanzo, au imeanza leo?

Kama ni tangu mwanzo, pima umbali. Kutoka Dar es Salaam kwenda Frankfurt au Ireland na kurudi, ombi moja linatumia zaidi ya milisekunde 100, na hakuna mashine kubwa itakayofupisha bahari. Ombi moja halisumbui. Ukurasa wa programu iliyo Dar unaouliza hifadhidata ya Ulaya mara arobaini, mara moja kwa kila bidhaa kwenye orodha, unakula sekunde nne na zaidi kabla mtumiaji hajaona kitu. Tiba ni kuweka programu na hifadhidata kwenye kanda moja, ili safari ndefu iwe moja tu kati ya kivinjari na programu, na kuunganisha hayo maswali arobaini yawe moja au mawili. Amazon walifungua kanda ya Cape Town Aprili 2020. Haionekani kwenye akaunti mpaka uiwashe mwenyewe, na bei zake uzilinganishe kabla ya kuhama.

Kama imeanza kuchoka kidogo kidogo jinsi data inavyoongezeka, karibu kila mara ni faharisi (index) inayokosekana. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kuna moja ambayo kwetu inajirudia kuliko zote: namba za simu. Mteja mmoja amesajiliwa kwa 07, mwingine kwa 2557, mwingine kwa +2557. Mwandishi wa programu, kwa nia njema, anatafuta kwa tarakimu tisa za mwisho:

```
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT * FROM wateja WHERE right(simu, 9) = '7XXXXXXXX';
```

Faharisi ipo kwenye safu ya simu, lakini swali haliulizi simu, linauliza matokeo ya right(simu, 9). PostgreSQL inaisoma jedwali nzima, na utaona maneno "Seq Scan" kwenye majibu. Wateja elfu mbili hutahisi. Wateja laki tano, kila malipo yanayoingia yanasoma safu mlalo laki tano. Ya haraka ni hii:

```
CREATE INDEX CONCURRENTLY ON wateja (right(simu, 9));
```

Neno CONCURRENTLY usilisahau. Bila hilo, uandishi kwenye jedwali unasimama mpaka faharisi imalizike. Ya kudumu ni kusafisha namba zote ziwe muundo mmoja unaoanza na 255, na kukataa miundo mingine mlangoni.

Kama kila kitu kilikuwa kizuri asubuhi na saa nane mchana kimekwama, angalia mambo mawili. La kwanza ni kufuli: mtu mmoja ameshika safu mlalo, wengine wamepanga foleni nyuma yake.

```
SELECT pid, pg_blocking_pids(pid), left(query, 80)
FROM pg_stat_activity
WHERE cardinality(pg_blocking_pids(pid)) > 0;
```

La pili ni akiba ya kasi ya diski. Diski za aina ya gp2 zinapewa IOPS (idadi ya kusoma na kuandika kwa sekunde) 3 kwa kila GB, zisipungue 100, na akiba ya kupanda hadi 3,000 kwa muda. Diski ya GB 20 ina msingi wa 100 tu. Asubuhi inakwenda kwa akiba na kila mtu anafurahi, akiba ikiisha inarudi kwenye 100 na ripoti ya mchana haimaliziki. Tazama grafu ya BurstBalance, yaani akiba iliyobaki, kwenye CloudWatch, sehemu ya vipimo ya Amazon. Ikiwa imeshuka mpaka sifuri saa ileile ya malalamiko, umempata. Hamia gp3, ambayo msingi wake ni 3,000. Mashine za t2 nazo zina akiba kama hiyo upande wa prosesa. Za t3 kwenye RDS hazipunguzwi kasi, unaongezewa bili badala yake.

Na kama ulipandisha toleo kubwa la PostgreSQL usiku wa jana na leo kila kitu ni kizito, endesha ANALYZE kwenye hifadhidata nzima kabla ya kutafuta mchawi. Ukipandisha kwenda toleo lililo chini ya 18, takwimu za majedwali hazihamishwi, hivyo mpangaji wa maswali anabahatisha.

## Diski imejaa, hali inasoma "storage-full"

Kuwa mtulivu, kwa sababu hapa haraka inaharibu. Jambo la kwanza linalomjia mtu ni kufuta safu mlalo za zamani. DELETE hairudishi nafasi kwenye diski, inaziwekea alama tu kwamba zinaweza kuandikwa juu yake baadaye, na yenyewe inaandika zaidi ikiwa kazini. VACUUM FULL nayo inatengeneza nakala nzima ya jedwali kabla ya kuachia ya zamani. Diski iliyojaa haina nafasi ya nakala hiyo.

Ongeza ukubwa wa diski kwenye konsoli. Ndiyo njia salama. Ila jua mambo mawili kabla ya kubonyeza: ukishaongeza, hutaweza kubadilisha diski tena kwa saa sita au mpaka uboreshaji wa diski uishe, kwa hiyo usiongeze kidogo sana, na diski haipunguzwi ukubwa kirahisi, kwa hiyo usiongeze mara kumi kwa hasira.

Ikishapumua, tafuta mlaji. Kama kuna mtu aliwahi kuunganisha chombo cha kuhamisha data kwenda kwingine, anza na nafasi za urudufishaji (replication slots) zilizoachwa:

```
SELECT slot_name, active,
  pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Ukiona f kwenye active na namba ya magiga pembeni, hifadhidata inamtunzia mgeni ambaye hatarudi kila badiliko tangu alipoondoka. Thibitisha na timu kwamba chombo hicho hakitumiki tena, kisha uiondoe kwa pg_drop_replication_slot. Baada ya hapo angalia logi, hasa kama mtu aliweka log_statement kuwa all, inayoandika kila swali, wakati wa kutafuta kosa na akasahau. Mwisho, majedwali yaliyovimba kwa sababu ya muamala uliokaa wazi siku nyingi.

Simama umwite mtaalamu kama mashine imegoma kwenye "storage-full" hata baada ya kuongeza diski, au kama kwenye logi kuna onyo lenye maneno "must be vacuumed within". Onyo hilo linahusu namba za miamala zinazokaribia kwisha. Likipuuzwa, PostgreSQL itakataa kuandika chochote ili kulinda data. Inatibika, lakini si kwa kujaribu jaribu.

## Ripoti ya siku haiendani na droo

Mhasibu anapiga: mauzo ya jana kwenye mfumo hayalingani na fedha iliyopo, na tofauti inakuja na kuondoka. Msimbo haujaguswa.

RDS inatunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Kinachouzwa saa saba usiku siku ya Jumanne, kwa UTC bado ni saa 22:00 ya Jumatatu. Duka linalofunga saa kumi na mbili jioni halitaona tatizo mwaka mzima. Baa, kituo cha mafuta, duka la dawa la usiku na mfumo wowote unaopokea malipo ya simu saa zote utaliona kila siku, kwa mauzo yote kati ya saa sita na saa tisa usiku.

Angalia kwanza aina ya safu. Kama ni timestamptz (muda unaozingatia kanda ya saa), kata siku hivi:

```
SELECT (muda AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date AS siku, sum(kiasi)
FROM mauzo GROUP BY 1;
```

Kama ni timestamp tupu na una hakika iliandikwa kwa UTC, tanguliza AT TIME ZONE 'UTC' kabla ya hiyo nyingine. Usiongeze "saa 3" kwa mkono ndani ya msimbo. Atakuja mwenzako aongeze tena kwenye ripoti, mwingine kwenye kivinjari, na mauzo ya asubuhi yatasomeka ya mchana. Nimefukua mfumo wenye nyongeza tatu za namna hiyo, na data ya miezi minne ambayo hakuna aliyejua ipi imeongezwa na ipi haijaongezwa. Kama umefikia hapo, acha kusahihisha kwenye hifadhidata hai. Tengeneza nakala, mwite mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo, na mhasibu akae pembeni yenu na vitabu vyake.

## Ilijizima usiku na kurudi

Angalia orodha ya matukio ya mashine. Mara nyingi ni dirisha la matengenezo, ambalo nalo limeandikwa kwa UTC: 22:00 ni saa saba usiku kwetu. Chagua saa mfumo wako unapolala kweli. Kama ni kuhama kwenda mashine ya akiba kwenye Multi-AZ (mpangilio wenye mashine ya pili inayosubiri), kwa kawaida huchukua sekunde 60 hadi 120. Programu isiyorudi yenyewe baada ya hapo inang'ang'ania anwani ya zamani kwenye kache yake ya DNS. Ikitokea mara kwa mara na FreeableMemory (kumbukumbu iliyobaki) inashuka kabla yake, rudi kwenye sehemu ya miunganisho.

## Bili imepanda

Uliizima mashine ya majaribio? RDS huiwasha yenyewe baada ya siku saba, na hata ikiwa imezimwa diski inalipiwa. Angalia pia nakala ulizopiga kwa mkono, zinakaa mpaka uzifute. Anwani ya IPv4 ya umma inatozwa dola 0.005 kwa saa tangu Februari 2024, yaani kama dola 3.60 kwa mwezi kwa kila moja. Na toleo la PostgreSQL lililopitwa na muda wa msaada wa kawaida linatozwa ada ya ziada kimya kimya mpaka ulipandishe.

## Wageni wasiojulikana

Kwenye pg_stat_activity kuna client_addr (anwani ya aliyeunganisha) usiyoijua, majedwali yametoweka, au kuna jedwali moja jipya lenye maandishi ya kudai fedha. Funga kikundi cha usalama kibaki na IP yako tu, piga nakala ya mkono ya hali ilivyo, usilipe, usifute kitu, na uite mtaalamu wa usalama saa hiyohiyo. Hili si la kiufundi pekee. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa anayesimamia data saa 72 tangu ajue kumtaarifu Kamishna wa Data, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkurugenzi na mwanasheria waambiwe leo, wasisubiri upate majibu yote.

## Nimefuta data

UPDATE bila WHERE, yaani umebadilisha safu mlalo zote badala ya ulizokusudia. Inatokea kwa watu wazuri, mwisho wa siku ndefu.

Kama ulikuwa ndani ya muamala na hujaandika COMMIT, andika ROLLBACK na ushukuru. Kama imekwisha, andika saa kamili kwa UTC, kwa dakika. Zuia programu isiendelee kuandika kwenye majedwali hayo ikiwa biashara inaruhusu. Kisha nenda kwenye "Restore to point in time" uchague dakika moja au mbili kabla ya ajali. Nakala rudufu za RDS zinatunzwa siku 1 hadi 35 kadiri ulivyopanga, na unaweza kurudi hadi takribani dakika tano zilizopita.

Kinachowashtua wengi ni kwamba urejeshaji hauandiki juu ya hifadhidata iliyopo. Unazaa mashine mpya yenye anwani mpya, na inaweza kupewa kikundi cha usalama cha kawaida badala ya chako, ndiyo maana watu hudhani imeshindikana wakati imefungwa mlango tu. Ikiwa tayari, toa jedwali lililoharibika pekee kwa pg_dump, lipakie kwenye hifadhidata hai kwa jina lingine, linganisha, ndipo urudishe safu mlalo zilizopotea. Usiielekeze programu nzima kwenye mashine mpya bila kufikiri, maana mauzo yote yaliyoingia baada ya ajali yamebaki kwenye ile ya zamani.

Na ile ya zamani usiifute. Ukifuta mashine bila kuchagua kubaki na nakala zake za kila siku, zinaondoka nayo. Kama majedwali yaliyoguswa yanahusu malipo au mishahara, au kama hujui kwa hakika dakika ya ajali, ishia hapa na uite mtu. Mpe ujumbe wa kosa, saa kwa UTC, amri iliyoendeshwa kama ilivyo, toleo la PostgreSQL, na jina la mashine mpya uliyorejesha. Amri hiyo usiirembe wala kuificha, hata ikiwa inauma.